Nilivyolala Ukweni Siku ya Posa

Leo nimejidhalilisha ukweni. Nawaandikia haraka kutoka kafe ya intaneti hapa Dodoma mjini, kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine.

Mnanijua. Nimerudi kutoka India na diploma ya majokofu, nikafungua karakana Nkuhungu kwa jasho langu, na friji zote zinazoletwa kutoka Dubai zikifa zinakuja kwangu. Posa ya Neema niliiona kama kazi ndogo tu.

Tatizo ni ngozi. Zaidi ya mwaka sasa natokwa na mabaka yanayowasha. Leo mgongoni, kesho shingoni, yanakuja na kuondoka yenyewe. Daktari alinipa kidonge cha kila siku, akanieleza:

"Mwili wako unamwaga histamini chini ya ngozi. Kidonge hiki hakiizuii kumwagwa. Kinakalia kiti chake, ikija inakuta pamejaa. Kwa hiyo meza hata siku usipowashwa."

Nikameza, ngozi ikatulia. Nikajitangazia kuwa nimepona, nikaacha. (Friji ikishapoza, nani anamwita fundi?)

Asubuhi ya leo nimeamka shingo imejaa mabaka na jicho moja limevimba. Siku ya posa! Kidonge cha daktari sikuwa nacho tena. Nikameza vile vya zamani, vidogo vya njano vya mafua. Viwili. Mwasho haukutii, nikaongeza viwili. Vile hupenya hadi kwenye ubongo na kuleta usingizi. (Hilo nalo daktari alinionya.)

Tukafika Mkonze, kwao Neema. Mshenga wangu, Mzee Ndahani, akaninong'oneza mlangoni: "Maneno niachie mimi. Wewe ukiulizwa, sema ndiyo, wazee. Basi."

Mabaka yalikuwa yamekwisha, nikakaa kifua mbele. Kisha kinywa kikakauka, ulimi ukanata. Sauti ya Mzee Ndahani ikaanza kusikika kama redio ya nyumba ya jirani. Yaliyofuata nimesimuliwa.

Baba yake Neema aliniuliza mbele ya ukoo mzima: "Kijana, binti yetu akiugua, utakesha naye?"

Nikakoroma.

"Labda hajasikia," Mzee Ndahani akajitetea. Baba akarudia swali. Nikakoroma zaidi.

"Huyu kalewa," akasema mjomba wa Neema. "Arudishwe kwao, na posa yake."

Nilipofumbua macho nilikuwa nimefunikwa khanga. Nikajivutia vizuri, nikaikumbatia. Ndipo nikaona wazee wote wananitazama, na mama yake Neema amesimama mlangoni bila khanga begani.

Kwetu Wagogo, mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Na mimi nimelala ndani ya nguo yake.

"Mbuzi wa fidia," akasema mjomba.

Mama akanipa mgongo, akasema na ukuta: "Hakulewa. Hanuki pombe. Anaumwa, kaja kujifanya mzima. Mwulizeni Neema."

Neema akaitwa. "Ni kweli anaumwa," akasema. "Nilimwambia asiache dawa. Akanijibu kwamba ana diploma."

Hata mjomba alicheka.

Hukumu akaitoa baba: posa haijakataliwa wala haijakubaliwa. Nirudi Jumamosi nikiwa macho, nikalijibu lile swali mwenyewe, na nije na mbuzi.

Njia nzima nimekuwa nalifikiria swali lile. Nilikuwa naficha mabaka nisije nikashuka bei, kumbe wao walitaka kujua kama namjali mgonjwa. Na mgonjwa wa kwanza niliyemtelekeza ni mimi. Mwili hauna habari na cheti changu. Unataka kidonge kimoja kila siku, hata siku nisiyoona sababu.

Vidonge nimeshanunua, nimemeza cha leo. Amebaki mbuzi. Anayetaka kucheka, aanze kwa kuchangia mguu.