Fuwele ya Sumu ya Nge

Jumapili, 6 Oktoba
Fuwele imeota! Moja tu, ndogo kuliko chembe ya sukari, ila kingo zake kali. Protini ya sumu ya nge, naisubiri mwaka wa pili. Mkuu wa kitivo ameshasema: bila matokeo kufikia Jumapili ijayo, mkataba wangu ndiyo basi. Zamu yangu kwenye mashine ya miale ya eksirei ni Alhamisi. Ikiyeyuka kabla je?

Jumatatu, 7 Oktoba
Dkt. Rudaina wa maabara ya jirani kachungulia hadubini yangu bila kukaribishwa. Eti niiguse kwa sindano kwanza: ikibonyea kama jibini ni protini, ikipasuka ni chumvi. Niivunje fuwele yangu ya pekee! Kikulacho ki nguoni mwako. Na zamu yake ni kesho.

Nimempigia Abu Qutaiba, mpanga zamu. Nikamwambia Rudaina ana homa, ameomba tubadilishane. Akasema maskini, hakuna shida.

Jumanne, 8 Oktoba
Skrini ya mashine ilitoa madoa saba ya miale. Protini hutoa mamia. Abu Qutaiba akakuna kidevu. “Daktari, hii ni chumvi tupu. Nge wako yuko wapi?”

Nikasema mashine haijapata joto. Mara Rudaina akaingia na sampuli zake. Abu Qutaiba akamkimbizia chai ya maramia, majani ya kutuliza homa. “Dada yangu, na homa yote hiyo umetoka kitandani kufanya nini?”

Rudaina akanitazama. Akanywa chai yote kama mgonjwa wa kweli. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kwenye zamu iliyokuwa yangu, Rudaina kapata umbo zima la protini yake. Abu Qutaiba kaleta kunafa, kitamu cha jibini na shira. Nimekula vipande viwili, vyote vichungu.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimemwandikia mkuu wa kitivo: “Muundo wa fuwele umebainika kikamilifu.” Si uongo. Chumvi nayo ina muundo.

Kafurahi mno! Atatia saini mkataba Jumanne, mara tu baada ya mhadhara wangu mbele ya kitivo kizima. Atakayeongoza maswali ni Dkt. Rudaina.

Nimempigia Rudaina, nikamwambia mhadhara umesogezwa Jumatano. Akanishukuru kwa upole sana. Ameamini.