Santuri ya Marehemu Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Mei
Mama mkwe kaniita nikambadilishie balbu ya sebuleni. Ya zamani naona inawaka vizuri tu, lakini nani anabishana na mama mkwe? Nikapanda kwenye kiti. Macho yakatua juu ya kabati. Mungu wangu! Santuri ya rege yenye lebo ya kijani. Ile yenyewe! Adimu kama maziwa ya kuku. Nimeiachia nafasi kwenye rafu yangu tangu nioe. Balbu mpya ikaniponyoka, ikapasuka.

Sikuonyesha furaha. Mkusanyaji hodari hasifu kitu kabla hakijawa chake. Nikaishika kwa vidole viwili kama soksi chafu, nikauliza takataka hii ya nani. Akasema ya marehemu mumewe. Akauliza kama naijua. Nikamjibu naijua sana, siku hizi watu wanazitupa. Akaifuta vumbi. Nimeanza vizuri!

Jumapili, 5 Mei
Nimerudi na balbu nyingine, pamoja na nusu kopo la rangi ya kijivu. Nauza rangi, na hiyo hakuna mteja aliyeitaka. Zawadi kwanza, santuri baadaye. Mama mkwe kashukuru, halafu, bila kuombwa, kaiweka santuri kwenye mashine. Wacha wee! Besi ikanipanda kutoka miguuni. Nusura nilie. Nikajikaza kisabuni, nikapiga miayo. Yeye ananitazama usoni tu, muda wote. Wimbo ulipokwisha akauliza nimeuonaje. Nikasema mwimbaji ana mafua. Nikajitolea kumwondolea uchafu huo ndani ya nyumba. Akasema atafikiria. Afikirie tu, atanibembeleza mwenyewe niichukue.

Jumanne, 7 Mei
Balaa! Nimemkuta Fundi Saa kwa mama mkwe! Kibanda chake kinatazamana na duka letu. Na yeye anakusanya santuri, eti anazipiga kila siku, kama vile hazichakai. Mshamba. Nikauliza nani kamwita. Mke wangu! Saa ya ukutani imesimama tangu msiba, na mama yake alitaka itembee tena. Nikamvuta mama mkwe pembeni, nikamnong'oneza kwamba santuri kuukuu zinaleta kikohozi. Kashtuka. Safi sana.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepangusa rafu. Ile nafasi nimekuta mke wangu kaweka pasi. Nimeitoa. Kauliza kwa nini nisimwambie mama yake ukweli, kwamba naipenda santuri ile kufa. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Mwalimu wa chekechea, atajua nini habari za biashara?

Ijumaa, 10 Mei
Imekwenda! Anayo Fundi Saa! Mama mkwe kampa bure, na jalada lake, na kopo langu la rangi ya kijivu kama nyongeza!

Nikamuuliza mama mkwe kwa nini. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Marehemu alimwachia neno kwamba santuri ile nipewe mimi, mkwe wake, kwa sababu napenda rege. Ndiyo maana mama mkwe aliiweka juu ya kabati niione. Balbu haikuwa na ubaya wowote. Alichotaka ni kuniona nikisikiliza, nifurahi kidogo, anikabidhi. Lakini kila siku nikaitukana. Akaona aibu kunitwisha kitu ninachokichukia. Fundi Saa yeye aliposikia wimbo alifumba macho, akalia, akauliza marehemu alikuwa akiucheza vipi. Mama mkwe akainuka akamwonyesha. Anasema hajacheka vile tangu msiba.

Nimetoka bila kuaga. Nimelia njiani kwa sauti, watu wananipisha. Sasa ndiyo nalia! Nilikuwa wapi Jumapili?

Jumapili, 12 Mei
Nimetulia, nimetafakari. Nakiri Fundi Saa ni mjanja kuliko nilivyodhani. Anamwambia mtu ukweli, mchana kweupe! Mbinu chafu kama hiyo sijapata kuiona.

Na bado anaendelea. Leo kamtuma mke wangu aniambie kwamba amesikia yote kutoka kwa mama mkwe, na anaona santuri ni haki yangu. Nipite tu kibandani, nimwambie kwa kinywa changu kwamba naipenda, nitaondoka nayo. Mke wangu kaniangalia kwa matumaini, mpaka nikamhurumia. Haoni kwamba ule ni mtego? Nikishasema naipenda, nimekwisha!

Kesho asubuhi nampelekea Fundi Saa saa yangu ya mkono, ingawa ni nzima. Nitaitupia santuri jicho la pembeni. Nitapiga miayo. Kisha nitamuuliza takataka ile ya nani.