Mbinu za Kutomaliza Mchezo

Jumanne, 4 Machi

Leo Fundi Saa ametamka neno. Alikuwa ameinamia skrini, pua karibu iguse kioo, anapaka rangi kizingiti cha nyumba ya mwisho katika mtaa wa mwisho. Akaweka chini kalamu yake ya kuchorea, akajinyoosha, mgongo ukalia, akasema kwamba kwa maoni yake mchezo wetu umekwisha.

Umekwisha! Miaka kumi na moja tunautengeneza, na yeye anatangaza hivyo kama mtu anayesema sukari imekwisha.

Nilimwambia upesi kwamba bado kuna mambo. Akauliza mambo gani. Nikasema mengi. Akasema nitaje moja. Nikataja maji ya mtoni, kwamba hayatiririki vizuri. Akanikumbusha kwamba maji tuliyamaliza mwaka wa tano. Ni kweli. Mwaka wa tano wote ulikwenda na maji.

Jirani wa ghorofa ya juu, Daktari wa Meno, huniuliza kila tukikutana kwenye ngazi: mchezo wa kompyuta kama huu, watu wawili wakiutengeneza kwa kujifurahisha tu, huchukua muda gani? Namjibu kuwa inategemea. Sijamwambia inategemea nini. Fundi Saa huja hapa kila Jumanne na Ijumaa akishafunga duka lake, anavua koti, anakaa kiti cha kushoto. Hakuna kinachomleta ila mchezo. Ukiisha, atakuja kufanya nini?

Ametaka tuuweke mtandaoni Jumatatu ya tarehe 17, watu waupakue. Nimesema sawa, hakuna neno. Kesho naanza kupanga.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: duka la mikate.

Naandika kwa ajili yangu mwenyewe, nitakapokuwa nimesahau. Katika mchezo wetu mchezaji anavaa uhusika wa msafiri anayerudi katika mji aliouacha akiwa kijana. Anatembea mtaa kwa mtaa, anaongea na watu, wanampa kazi ndogondogo, na kadiri anavyozifanya ndivyo milango inavyomfungukia. Mji wenyewe ni ule tulikotoka mimi na Fundi Saa. Huko hatukujuana. Tulijuana huku, siku nilipompelekea saa yangu iliyosimama. Akaigeuza, akaniuliza niliinunua wapi. Nikamtajia duka. Akanitajia rangi ya mlango wake.

Picha hatuna hata moja. Mji wote tumeujenga kwa kukumbuka. Ndiyo maana mwaka wa pili na wa tatu ilikwenda kwenye ugomvi: mimi nakumbuka duka la mikate lilikuwa kulia kwa posta, yeye anakumbuka kushoto. Tulifika mahali pa kutosemezana, tukawa tunaandikiana vikaratasi huku tumekaa bega kwa bega. Mwishowe likakaa kulia, na sidhani kama amewahi kunisamehe.

Sasa nitamwambia kwamba nimekumbuka vizuri. Lilikuwa kushoto. Atafurahi mno, na mtaa mzima itabidi ubomolewe: madirisha, vivuli, njia wanazopita watu. Ni kazi ya mwaka. Nikijivuta, mwaka na nusu.

Najiona mjanja kiasi.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yameharibika.

Nilimweleza kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nikakiri kwamba alikuwa na haki miaka yote hii. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha usoni.

“Liache palepale, ndugu yangu,” akasema. “Nikiufikiria mji siku hizi, nauona huu wetu wa kwenye kompyuta. Duka liko kulia.”

Nikakataa. Nikasema haki ni haki. Akasema amekwisha kulizoea. Nikapandisha sauti kutetea kushoto kwake, naye akapandisha kutetea kulia kwangu. Mke wangu akaja mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akauliza kama ugonjwa wa zamani umerudi. Alipoelewa nani anatetea nini, alifunga mlango taratibu, kama mtu anavyofunga chumba cha mgonjwa.

Duka liko kulia. Zimebaki siku kumi.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa pili: lango.

Kufika mtaa wa mwisho lazima mchezaji apite lango, na kwenye lango kuna bawabu. Jana nilimfundisha bawabu kudai ufunguo wa shaba. Ufunguo wa shaba haupo popote katika mchezo. Nilipanga Fundi Saa akigundua nigutuke naye, kisha nipendekeze kwamba ufunguo unahitaji historia yake: umefuliwa na nani, ulipotea vipi, nani anaujua. Historia ya ufunguo si jambo la kuandikwa kwa pupa.

Nikasahau kwamba anayejaribu mchezo kabla ya wote ni mke wangu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizigo forodhani, akitafuta kile ambacho watu wameficha. Alikaa kwenye kompyuta na kikombe chake. Bawabu akadai ufunguo. Mke wangu hakubishana naye. Alimgeuza msafiri, akamtembeza kinyumenyume akisugua ukuta, na karibu na mtaro msafiri akazama ukutani, akatokea upande wa pili. Chai ilikuwa bado ya moto.

Nilimpigia Fundi Saa simu kumpa habari mbaya kwamba ukuta wetu unavuja. Akacheka, kitu ambacho hafanyi kila mwezi. Akasema tuuache hivyohivyo. Kila mji una mahali pa kupenya ambapo watoto tu ndio wanapajua.

Mke wangu alinifuata jikoni. Akasema amewahi kukagua magendo mengi, na yule bawabu ana mwandiko wangu. Nikajifanya natafuta kijiko.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa tatu, na huu uliniuma kuupanga, kwa sababu ulihitaji nijidhalilishe mbele ya Daktari wa Meno.

Bwana huyu mdogo naye alitengeneza mchezo mwaka jana. Aliumaliza kwa miezi michache, kwa majumba yaliyochorwa na wengine na muziki wa kununua. Una mazimwi. Jengo zima lilimpongeza. Tangu hapo hunishika mkono kwenye ngazi kwa namna ya kunipa pole.

Nilimpelekea mchezo wetu Jumamosi, nikamwomba atuonyeshe kila kasoro bila huruma. Nilihesabu hivi: mtu ambaye kutwa anachungulia midomo akitafuta matundu, hawezi kukosa. Akileta malalamiko mengi, Fundi Saa ataona aibu, na tutakuwa na kazi ya miaka.

Leo akashuka, Fundi Saa akiwa tayari kitini. Akatuamkia vizuri. Nikamkaribisha kiti, nikakaa na kalamu mkononi, nikijitahidi nisitabasamu.

Akasema aliucheza Jumapili tangu asubuhi, akakosa chakula cha mchana kwa mkwewe, na mkewe hajaongea naye tangu hapo. Akasema yule tarishi wa mchezoni anayemuuliza kila mpita njia kama ana barua alimtia simanzi hata akazima kompyuta kidogo. Kasoro? Zipo mbili tatu.

“Ila naomba msiguse kitu, wazee wangu,” akasema. “Mkigusa mtaharibu.”

Maisha yangu yote sijawahi kusifiwa na mtu ninayemchukia kiasi kile, wakati nisioutaka kiasi kile. Fundi Saa alimshika mkono kwa mikono miwili.

Baada ya daktari kuondoka nilipendekeza hata hivyo tuongeze farasi. Fundi Saa akasema farasi tuliwafuta mwaka wa saba kwa sababu walikuwa wanapanda ngazi. Kisha akavaa koti lake mapema kuliko kawaida. Kwenye ngazi alishikilia ukuta.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo ambalo nilidhani siwezi. Asubuhi, mke wangu akiwa sokoni, nimeufuta mtaa wa mwisho. Wote. Nyumba, taa, kizingiti alichokuwa anakipaka rangi. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nikakaa pale nikiwa nimechoka kama niliyebomoa kwa nyundo.

Nilipanga kusema umeme ulikatika.

Mke wangu aliporudi akaniangalia mara moja tu usoni, akaenda chumbani, akatoka na flashi. Kumbe huhifadhi nakala kila Ijumaa, Fundi Saa akishaondoka. Ameanza zamani. Anasema alijua tu kwamba siku moja nitafika hapa.

Nikadhani atanifokea. Akavuta kiti cha kushoto, akakaa.

“Unadhani unamchelewesha kidogo tu,” akasema. “Mwenzio anataka kuucheza mwanzo mpaka mwisho, macho yangali yanamruhusu. La kushoto hospitalini wamemwambia halitarudi. La kulia wanaliangalia.”

Nikauliza kwa nini alimwambia yeye asiniambie mimi.

“Mimi nilimuuliza hali. Wewe kila akiingia unamuuliza amechora nini.”

Nimerudisha mtaa. Nimemwondolea bawabu dai lake la ufunguo. Nimeangalia kile kizingiti kwa karibu na kuona kwamba rangi imetoka nje ya mstari upande mmoja, mara kadhaa, na kila mara amerudi kuirekebisha. Nilikuwa nimeona wiki iliyopita. Nilidhani ni mtindo.

Jumatatu, 17 Machi

Mchezo umetoka. Siku hizi tatu nimefanya kazi kama mtu anayelipwa. Nimekuza maandishi yote, kila anachosema kila mtu mjini, kwa sababu maandishi madogo yalikuwa wazo langu; niliona yana heshima zaidi.

Fundi Saa alifunga duka mchana akaja. Alicheza yeye, mimi nikamsomea pale aliponiashiria. Hakukimbia. Alisimama kwa tarishi, alisimama kwenye duka la mikate, akapita lango. Alipofika nyumba ya mwisho mlango ukafunguka. Hapo ndipo nilipotambua kuwa ni nyumba ya mama yake. Hakuwa amewahi kunitajia hivyo, lakini alijua bila kuangalia kitasa kiko wapi. Akamwacha msafiri kizingitini, akatoa mkono kwenye kipanya, akakaa. Katika mchezo hakuna lolote linalotokea pale. Upepo tu, na pazia.

Nilikuwa na swali la kumuuliza. Nilikuwa nimeliandaa tangu Alhamisi, maneno machache, mtu yeyote angeweza kuyasema. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama haoni kivuli cha pazia kimezidi weusi.

Akasema kiko sawa.

Jioni tulikuwa tumepakuliwa mara tatu: Daktari wa Meno, mke wangu, na mtu mmoja tusiyemjua. Nimemfikiria sana huyo wa tatu. Fundi Saa alivaa koti, akanishukuru kwa miaka yote, akashuka ngazi polepole. Amenishukuru! Watu hushukuriana hivyo kwenye vituo vya treni.

Jumanne, 18 Machi

Saa yake ya kawaida, mlango ukagongwa. Fundi Saa. Hana mkoba, hana kalamu. Nikafikiri amekuja kuchukua taa yake ya mezani, nikaanza kuizungushia waya. Akaniambia niache taa. Akavua koti, akakaa kiti cha kushoto, akasema amekuja kukaa tu.

Kukaa tu. Mke wangu akaleta chai, akanikanyaga mguu chini ya meza, akaondoka. Fundi Saa akasema ni raha iliyoje, Jumanne isiyo na kazi. Akanyoosha miguu. Akasema kesho kutwa anaangaliwa lile jicho la kulia, na kwamba hospitali ni mbali kidogo. Kisha akaningoja.

Nikamtazama nikamwonea huruma. Mtu akikosa kazi hujisemesha hivyo, mara hospitali, mara umbali. Nikaona wazi kwamba tukiendelea namna hii, kufika mwezi ujao hatakuja tena. Sikukubali. Nikavuta droo, nikatoa karatasi nilizoziandaa leo asubuhi, nikamweleza sehemu ya pili: mji uleule, lakini miaka ishirini kabla, majengo yote yakiwa mapya. Itabidi kila ukuta uchorwe upya. Nikamwahidi kwamba safari hii duka la mikate litakuwa kushoto.

Aliniangalia kwa muda mrefu kwa lile jicho linaloona. Akauliza kama anaweza kumaliza chai kwanza.

Nimelichukua hilo kuwa ni kukubali. Nimemwambia Alhamisi aje mapema, na akasema Alhamisi ana safari. Basi Ijumaa. Ataanza na milango. Milango ni kazi ndogo.