Mizizi ya Mlingoti wa Baba Mkwe

Jumatatu, Machi 4

Nimezaliwa na bahati. Nikijiunga na foleni, dirisha jipya hufunguliwa mbele yangu. Mvua hunisubiri niingie ndani ndipo inyeshe. Nimetembea miji mikubwa, nimelala hoteli zenye lifti, na kote huko watu wameniuliza nimeoga maji gani. Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kumsukuma mlevi.

Baba mkwe alikuwa mtu wa redio melini. Sasa anakaa kwetu, na mlingoti wake umesimama nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi asubuhi rafiki yake wa zamani humwita kutoka nchi ya mbali. Sisi tunamwita Kikohozi, maana hukohoa kabla ya kusema. Mzee anamsikia vizuri. Anamjibu. Kikohozi anasema hasikii kitu, labda wiki ijayo. Sasa wiki ijayo zimekwisha. Wanawe wanamhamishia ghorofani, mahali pasiporuhusu mlingoti. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Mzee anataka kumuaga tu, basi.

Dawa ni waya za ardhini. Zitandazwe kutoka mguuni pa mlingoti kama spoki za baiskeli, mlingoti upate mizizi, sauti ifike. Juzi tulizilaza juu ya nyasi. Mke wangu akapita na beseni la nguo. Beseni likaenda kwake, yeye akaenda kwake. Ametangaza: waya zishuke chini ya udongo au mlingoti ushuke.

Mzee anasema kazi ni ndogo. Unachoma sepetu, unalitikisa, mwanya unafunguka, unaingiza waya, unakanyaga. Unasogea. Unachoma tena. Mwendo wa kobe mgonjwa! Shemeji yangu Cheche, mchomeleaji, kaka wa mke wangu, akaleta sepetu lake bapa bila kuitwa. Nikamwambia mimi si fuko.

Jumanne, Machi 5

Nimeunda plau! Panga limefungwa kwenye uma wa baiskeli kuukuu, nyuma yake kipande cha bomba cha kupitishia waya. Pikipiki inavuta, panga linapasua, waya inajilaza yenyewe. Kwa wenzetu ningepewa nishani. Ilitaka kuchomelewa, lakini nimwombe Cheche? Nife kwanza. Nimeifunga kwa vipande vya tyubu.

Pikipiki ni ya muuza mikate. Panga likaingia vizuri. Likaingia zaidi. Likaendelea kuingia mpaka likasalimiana na bomba la maji. Tyubu zikaachia. Plau ikabaki, pikipiki ikaenda, na muuza mikate akapita kwenye kamba ya nguo akaondoka na shuka zetu mbili shingoni.

Mke wangu akatoka, akalitazama ziwa, akaniuliza kwa upole kama samaki naleta kesho. Upole huo ndio ulionichoma. Heri angetukana!

Cheche akaja kuziba bomba. Akaziba, akakusanya vyombo vyake, akaondoka. Hata kunicheka hakunicheka! Nani kamfundisha dharau ya namna ile?

Jumatano, Machi 6

Mbinu mpya. Waya zilale juu, zibanwe kwa pini, nyasi zenyewe zizimeze taratibu. Mzee amekiri kuwa njia hiyo ipo, ila pini ziwe za waya mnene, zizame, na nyasi zisiguswe mpaka zifunike. Mimi nilisikia njia ipo. Nikatumia pini za nywele za mke wangu. Hazikuwa na kazi kichwani siku hiyo.

Saa ile ile mwenye nyumba akamtuma mkata nyasi na mashine yake. Miezi hatumwoni, leo ndiyo anakumbuka wajibu! Mashine ikazinyonya waya zote, ikajifunga kama mtoto kwenye kanga, ikakoroma, ikazima. Jamaa akaniuliza, mjomba, hapa umetega panya au umetega watu? Nikamwambia mimi si mjomba wake. Tukashikana mashati.

Mzee akatoka na mkongojo. Akasema tukishamaliza kuuana tumsaidie kufumua, maana Jumamosi haingoji mshindi. Tukakaa chini tukafumua, mimi na adui yangu, magoti yakigusana. Ana vidole vyepesi yule. Bado simpendi.

Alhamisi, Machi 7

Bahati hiyo! Ziwa la Jumanne limelainisha udongo. Nani aliyelileta ziwa? Mimi! Nikachukua sepetu ambalo Cheche aliliacha makusudi. Nikachoma, nikatikisa, nikaingiza waya kwa ubao mwembamba, nikakanyaga. Si mbinu ya Mzee. Mzee hukanyaga kwa mguu wa kulia, mimi wa kushoto.

Mzee alikaa kando kwenye kiti akiimba nyimbo za melini, nyingine si za kuimbiwa mkwe. Sijamsikia akiimba tangu mama mkwe atutoke. Ningechimba mpaka upande wa pili wa dunia.

Jioni Cheche akauliza kama amalizie pale mguuni pa mlingoti. Nikamwambia akachomelee masufuria. Nikamaliza mwenyewe. Nikafukia kila kitu, hata ncha, zisimkwaze mtu. Kisha, kwa mapenzi tu, nikamwaga zege kuuzunguka mlingoti ili kiti cha Mzee kisizame topeni. Nikaandika BABA kwa kijiti. Kazi ya sonara.

Ijumaa, Machi 8

Mzee ameuliza ncha ziko wapi.

Nikauliza ncha zipi.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ncha hazikuonekana hata kwa miwani safi. Kumbe zote hufungwa kwenye bamba la shaba pale mguuni. Zisipofungwa, si mizizi, ni waya tu zilizozikwa, Mungu aziweke pema. Na bamba lenyewe liko chini ya BABA.

Zege la ukumbi wa shule nililomwaga mwaka ule lilikaa wiki nzima likiwa tope. Hili limekauka kwa usiku mmoja! Zege lina chuki. Nikalipiga nyundo kwa hasira zote nilizonazo, na ninazo. Mke wangu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha guu, zima kabisa. Nyundo ikateleza hapo hapo ikatua juu yake.

Cheche akaja na tindo. Akanisogeza. Akasema, shemeji, piga zege, usipige waya. Tayari nilishazikata nyingi. Akanituma maji kama mtoto. Nikaenda, nikichechemea. Nusu niliyamwaga njiani, kwa hasira. Mpaka magharibi amefukua ncha chache, amezifunga kwenye bamba. Nyingine zimepotelea humo humo.

Jumamosi, Machi 9

Kikohozi akakohoa. Akaita. Mzee akajibu.

Mkwaruzo mtupu.

Halafu kikohozi kingine, kifupi, cha mtu aliyeshtuka. Akasema anamsikia kwa mbali, kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini, lakini sauti hiyo angeijua hata ikitoka kaburini. Mzee akabonyeza kitufe. Kisha akamwambia, wewe ndiye uliyeiba kofia ya nahodha. Wakagombana kuhusu kofia hiyo, wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi wote wawili. Mwisho Kikohozi akasema mafundi wamefika kuushusha mlingoti wake. Mzee akamwambia nenda salama, ndugu yangu, nimekusikia na umenisikia.

Nikatoka nje kulikasirikia zege. Cheche alikuwa huko. Nikamwambia vumbi la zege limeniingia machoni. Akasema hata yeye.

Jumapili, Machi 10

Mzee anasema waya hizo chache zinamtosha. Zinamtosha! Mlingoti gani wa heshima unasimama na mizizi minne? Cheche amesema atakuja na sepetu, ataongeza moja moja, polepole. Polepole! Nimeshaongea na dereva wa lori la maji. Atamwaga maji, udongo ulainike, halafu lori lenyewe livute plau. Tyubu nimenunua mpya. Bomba aliloziba Cheche limepita upande gani sijui, wala sitamuuliza, asije akavimba kichwa. Lori hilo limefika, linapiga honi.

Jioni: plau imelipata bomba tena. Na ile habari ya Jumatatu, kwamba nimezaliwa na bahati, ni uongo. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.