Upande wa Pili wa Kaseti ya Rukia

Leo nimeadhirika. Tena kwa sauti yangu mwenyewe, kwenye spika mbili kubwa, mbele ya wanawake wasiopungua sabini. Rukia kanipa kompyuta yake nusu saa, basi nawaandikia nyote mlio mbali kwa pamoja ili nisije nikasimulia mara saba. Nguvu hizo sina.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mnajua kwamba mimi na dada Fatuma hatuandikiani. Macho yake hayasomi vizuri, na mimi nikishika kalamu baada ya zamu nalala juu ya karatasi. Kwa hiyo barua zetu ni za kaseti. Nakaa jikoni, nabonyeza mashine, nazungumza mpaka mkanda uishe, natia kwenye bahasha, inakwenda Tanga. Mwezi uliopita sikuwa na kaseti tupu. Siku hizi madukani ni CD tu, ukiulizia kaseti wanakutazama kama umeulizia mafuta ya taa.

Sasa Rukia, binti yangu wa miaka kumi na minne, alikuwa na ule mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Kaseti mbili ndani ya boksi moja, nyimbo arobaini. Nilimnunulia mwenyewe Kings Heath, mtaa mmoja wa hapa Birmingham, duka la vitu vilivyotumika, wakati nilipokuwa nasafisha ofisi za kule. Mnazijua albamu hizi. Zinatoka kila baada ya miezi michache, na kwenye televisheni kuna mtu anawataja waimbaji wote kwa pumzi moja, anakufokea kana kwamba umeshakataa kununua. Ndani wamechanganya kila kitu. Vijana watano wanaimba kwamba wameachwa, wakimaliza tu anaingia mwenye gitaa, anapiga kelele kama kabanwa vidole na mlango. Nimezisikia kupitia ukuta wa chumba chake mpaka najua ipi inafuata ipi, ingawa ipi iko kaseti gani sijui. (Kazini napiga deki kwa mpangilio wa albamu hiyo. Choo cha wanaume huangukia wimbo wa sita.)

Rukia siku hizi ana CD, kaseti hazitaki tena. Nikamwomba moja.

"Take the second one, Mum," akasema. "But leave side one."

Haya, ya pili, na upande wa kwanza nisiuguse. Nikaziba vile vishimo viwili vya juu kwa selotepu, mashine ikakubali kurekodi, nikamsimulia dada yangu upande wa pili mzima. Nilipomaliza nikabandua selotepu, ili watoto wa Tanga wasije wakarekodi juu ya maneno yangu. Kesho yake alfajiri, nimetoka zamu ya usiku, jicho moja limefunga, nikachukua kaseti kwenye boksi nikaitia kwenye bahasha. Sikutazama namba. Zinafanana kama mapacha, na mimi nilikuwa nimesimama kwa kuegemea friji.

Wiki mbili baadaye dada akanitumia salamu kwa mtu: kaseti imefika, watoto wanaicheza kutwa. Nikaona ajabu kidogo, maana nilichorekodi mimi ni malalamiko matupu. Lakini nikajiambia, wamemkumbuka mama yao mdogo. Nikafuta na machozi.

Tuje kwenye leo.

Salma ndiye aliyenipokea hapa Birmingham miaka sita iliyopita, nilipofika Newtown na sanduku moja na mtoto mwenye homa. Alinipa blanketi la kitandani mwake. Ninalo hadi sasa. Binti yake anaolewa Jumamosi, bwana harusi ni mtu wa Leicester, na leo mchana ilikuwa hina, kwenye ukumbi wa Alum Rock. Wanawake watupu. Mwanamume hakanyagi, hata wa kupiga muziki. Kwa hiyo muziki nikapewa mimi, kwa sababu eti nina uzoefu wa mashine. (Mashine yangu ni ya kusugulia sakafu.)

Na sambusa nikapewa mimi. Mia tatu.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo Alum Rock inalijua tangu saa tisa na robo. Sambusa zangu zina jina huku. Hakuna shughuli inayofanyika bila Mama Rukia kuombwa sambusa. Nami sijui kukunja sambusa. Nazinunua. Zimegandishwa, ziko kwenye mfuko, duka liko hatua chache kutoka ukumbini. Nazifinya pembe zisilingane sana, mbili tatu naziunguza makusudi, najipaka unga kwenye mkono wa gauni, halafu naingia nazo nikiwa hoi. (Hicho cha kuwa hoi sikuwahi kukiigiza.) Ilianza kidogo tu. Mara ya kwanza nilitoka zamu mbili mfululizo, Salma akatafuna moja akasema, "Huu ndio mkono wa Tanga." Nilichoka hata kukataa. Basi ikawa hivyo, miaka sita.

Kilichonikaa kooni ni kwamba Salma aliniomba mara tatu nimfundishe bintiye kukunja, kabla hajaenda kwa watu. Mara tatu nikampiga chenga. Na yeye alishamwambia Bi Kudra, mama wa bwana harusi, kwamba mkwewe anafundwa sambusa na mimi. Neno la Salma lilikuwa limekaa juu ya mfuko wangu wa friza.

Ukumbini wasichana waliozaliwa hapa walitaka nyimbo za Kizungu, mama zao wakataka taarab. Wakakubaliana: saa moja na nusu ya mwanzo kwa wasichana, zinazobaki zetu. Nikatia ile kaseti ya Rukia iliyobaki, nikijua ni ya kwanza, nyimbo pande zote. Mashine ya ukumbini inageuza upande yenyewe, raha tupu. Watoto wakawa wanakuja kupandisha sauti, nikalifunga kabati la chuma lenye mashine, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, nikarudi jikoni kukaanga.

Mambo yakaenda vizuri. Wimbo wa vijana walioachwa, wasichana wote wakauimba. Alipoingia mwenye gitaa nikachungulia: Bi Kudra, mwanamke wa heshima zake, yuko katikati ya ukumbi anatikisa mabega taratibu kana kwamba ni ngoma ya lelemama. Nikasema moyoni, leo mambo yangu yamenyooka. Nikatia sambusa nyingine kwenye mafuta.

Nyimbo zikaisha. Kukawa kimya. Mashine ikalia ka! Kisha mtu akakohoa kwenye spika.

"Assalaam aleikum, dada. Natumai hamjambo huko."

Nikadhani ni mgeni anatoa hotuba. Sikuishtukia sauti hata kidogo. Nilichofikiri ni kwamba huyo mama, yeyote yule, angepumzika, sauti yake imechoka mno. Nikamwonea huruma, wallahi. Nikageuza sambusa.

Rukia akatokea mlangoni, mkono mmoja una hina mbichi, kauinua juu.

"Mum," akasema. "That's you."

Ni mimi! Nilikimbia. Jukwaani nikalishika kabati, limefungwa. Waya wa umeme nao uko ndani. Ufunguo uko kwenye pindo, na mikono yangu inadondoka mafuta. Mafundo mawili, na nilikuwa nimeyakaza mwenyewe. Nikaanza kulitafuna lile fundo kwa meno huku nimewapa mgongo watu sabini, na mimi huyo huyo naendelea kuzungumza kwenye spika.

"Nimetoka zamuni sasa hivi, dada, miguu imevimba, viatu haviingii."

"Pole," akajibu bibi mmoja aliyekaa mkekani, akiitazama spika.

"Na Salma ana shughuli, kanitwisha sambusa mia tatu. Wewe unanijua. Nyumbani ulikuwa ukikunja wewe, mimi nikila. Hizi za huku nanunua dukani, nazifinya pembe kidogo, najipaka unga, wanasema mkono wa Tanga."

Nyuma yangu vikombe vikanyamaza. Nilipogeuza shingo, na pindo bado liko mdomoni, wanawake walikuwa wanazigeuza sambusa zao kuzitazama pembe. Wote. Hata bibi harusi, mikono imefungwa plastiki, kainamia sahani ya jirani.

"Tena anataka nimfundishe mwanawe. Nimfundishe nini, kufungua friza?"

Msichana mmoja akapaliwa na soda. Fundo la kwanza likafunguka. Nikajua linalofuata kwenye ile kaseti, maana nililisema mwenyewe, na nikaomba Mungu umeme ukatike. Lakini hapa umeme haukatiki.

"Ningemwambia ukweli, dada. Ni mtu mwema, nampenda. Lakini Salma ukimwambia jambo, chai haijapoa limeshafika Leicester. Kwa hiyo huku sina mtu. Nazungumza na mashine."

Fundo la pili likafunguka hapo. Nikafungua kabati, nikabonyeza, sauti yangu ikakatika. Nimebaki nimesimama na pindo lililolowa mate, mkono wa gauni una unga. (Ule unga. Niliupaka leo asubuhi kwa uangalifu kabisa.)

Bi Kudra akameza alichokuwa anatafuna, akafuta midomo.

"Hilo la Leicester ni kweli," akasema. "Huwa yanafika."

Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Watu walilaliana. Bi Kudra akangoja watulie, akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na hizi zauzwa duka gani?"

Mimi nilikuwa namtazama Salma. Hakucheka. Aliweka sahani chini, akajitanda mtandio vizuri, akatoka kwenda kuwapokea wageni ambao walishafika wote. Jamani, kile kicheko ningekivumilia. Ule mgongo wake ndio ulionimaliza. Nikatia kaseti ya taarab, nikaenda jikoni kuosha vyombo hata ambavyo ni safi.

Akanifuata baadaye. Akasimama karibu na sinki, nikaona bora nianze.

"Nisamehe kwa sambusa."

"Sambusa si neno. Umesema huna mtu."

"Nilikuwa nimechoka, Salma."

"Umechoka, umekaa jikoni kwako, ukasema huna mtu." Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Aliikausha moja muda mrefu. "Lile blanketi ulipewa na mashine?"

Nikalia. Sikulia kwa staha, nililia na povu la sabuni mkononi, kamasi zikitoka. Miaka sita nimemficha mtu huyu uchovu wangu, nikaogopa Leicester, na Leicester yenyewe iko ukumbini inakula. Salma hakunikumbatia. Alinipa kitambaa alichokaushia sahani.

"Jumatano huna kazi," akasema. "Njoo kwangu saa nne asubuhi. Utakaa na mwanangu niwafundishe kukunja nyote wawili."

"Si ulisema wewe hujui?"

"Nilisema zangu hazifikii zako. Kumbe hazifikii za dukani."

"Jumatano huwa nalala, Salma."

"Utalala kwangu. Ukishakunja."

Basi. Mwanamke mzima, mwenye sifa ya sambusa toka Newtown hadi Alum Rock, Jumatano nakwenda kuanza darasa la kwanza, benchi moja na bibi harusi.

Nilipofika nyumbani nikakwangua kadi ya simu nikampigia dada Fatuma. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba nilimtumia ile ya nyimbo tupu, lakini nilitaka kusikia. Akafurahi sana kunisikia. Kaseti ni nzuri, akasema, watoto wa jirani nao wanakuja kucheza, hata humo kuna mmoja mwenye gitaa, wanampenda kupita wote.

"Ila mdogo wangu," akasema, "nimeisikiliza pande zote mbili. Mwanzo hadi mwisho. Nikasema labda mwishoni utanisalimia."

Kadi ikaanza kupiga mlio wa kuisha. Akauliza haraka haraka, hiyo barua yenyewe nitaituma lini.

Nikamwambia tusiharibu stempu, dada. Apige simu Leicester, mtu yeyote atakayepokea atamsimulia.