Mshereheshaji Katika Nyumba ya Ukimya

Jumanne, 4 Juni

Nimefika. Hakuna aliyenikaribisha, maana hapa kukaribishana kwa maneno ni kosa. Mwangalizi, mama mmoja mrefu asiyecheka, alinipa karatasi ya kanuni na kunionyesha chumba. Kitanda, meza, kiti, dirisha. Kioo hakuna. Tai nitaifunga vipi?

Niandike kwa ajili ya kumbukumbu. Kituo hiki ni cha watu wanaojisomea mafundisho ya Mwanafalsafa. Yeye ni marehemu. Aliacha madaftari kumi na mawili, na wosia kwamba asitokee mwalimu wa kumfafanulia mwenzake. Basi unachukua daftari rafuni, unakaa, unasoma, unanyamaza. Kabla ya chakula cha jioni unaandika sentensi moja kwenye kitabu kikubwa pale ukumbini. Ndiyo hivyo tu. Watu wazima wanafunga safari kwa ajili hiyo!

Mimi sikumfuata Mwanafalsafa. Nimemfuata mke wangu. Hii ni wiki yake ya tatu hapa. Shemeji, dada yake, aliniambia mlangoni bila hata kunipa kiti: Mama Watoto amekwenda kutafakari, na Jumapili ataamua kama anarudi nyumbani au anahamia kwa huyo dada yake kabisa. Miaka ishirini na sita ya ndoa! Mimi ni mshereheshaji. Nimeongoza harusi za nusu ya mji wetu. Ndoa yangu mwenyewe haiwezi kunishinda.

Mpango: kumwonyesha kwamba nami naweza kutulia. Kisha kumshawishi.

Daftari la kwanza nimelimaliza kwa dakika kumi na nne. Linajirudia. Linasema ukae na swali lako bila kulijibu. Sasa swali lisilojibiwa linamfaa nani?

Jumatano, 5 Juni

Kifungua kinywa. Mke wangu alikuwa amekaa dirishani. Aliponiona aliweka kijiko chini, akanitazama kama mtu anavyotazama mvua na nguo ziko kambani. Kisha akachukua kijiko chake na kuendelea kula. Hakuinuka! Hakuondoka! Dalili nzuri.

Baadaye mwangalizi aliniita ofisini, akanisukumia vijikaratasi viwili. Cha kwanza chake, kwenda kwa mke wangu: je, huyu bwana aondolewe? Cha pili jibu, kwa mwandiko ninaoufahamu: "Mwacheni akae. Nataka kuona kama ataweza." Nataka kuona kama ataweza! Ataweza nini, hakusema. Lolote lile, nitaliweza.

Lakini kuna doa. Yupo mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu kwa mujibu wa kitabu cha wageni, avaaye soksi za sufu ndani ya makubazi. Ninamwita Bwana Soksi. Asubuhi hii, na inaonekana ndiyo desturi yao, amekaa benchi moja na mke wangu kando ya simtangi la maji. Anammiminia chai. Hasemi neno. Saa nzima mtu hasemi neno! Ujanja gani huo?

Jioni niliandika kwenye kitabu kikubwa. Nilianza kwa Mheshimiwa Mwangalizi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Zilifika kurasa tatu, pamoja na kile kichekesho cha bwana harusi na keki. Chini yangu mke wangu ameandika: "Leo nimefikiri jambo mpaka mwisho wake." Masikini! Nyumbani hapati shida hiyo. Akianza tu, mimi ninammalizia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata kijikaratasi kutoka kwa mwangalizi: "Sentensi moja." Nimemjibu kwa karatasi nne, kwa heshima zote.

Leo nilitekeleza mpango wa benchi. Niliwahi mapema, nikajitandaza katikati. Mke wangu alikuja, akaona, akaenda kukaa kwenye ngazi za jikoni. Bwana Soksi alikuja, akaona, akakaa. Akanimiminia chai. Nikakwama naye saa nzima bega kwa bega, mpaka akasinzia na kichwa chake kikanilalia begani. Mkono wangu wote umekufa ganzi. Mke wangu alikuwa anatutazama kutoka ngazini na nadhani alitabasamu. Sina hakika alimtabasamia nani.

Mpango mpya. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu wa utaratibu. Madaftari anayasoma kwa namba. Jana alirudisha la saba. Nimeandika barua ya mapenzi, moto kabisa, nikaichomeka ndani ya la nane.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. La nane limechukuliwa na Bwana Soksi.

Nilimwona akiisoma pale ukumbini. Barua inayoanza "Malkia wa moyo wangu"! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchana nikaikuta chini ya mlango wangu, imekunjwa vizuri, na nyuma ameandika kwa penseli: "Ndugu yangu, nadhani hii si yangu. Ila asante. Tangu mke wangu afariki sijaandikiwa chochote. Ungemwuliza wako anapenda kusikia nini." Sijui anataka nini huyu mzee. Ushauri wa mapenzi kutoka kwa mtu wa soksi!

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Ninaogopa. Wiki hizi tatu nyumbani nimekuwa nikizungumza mwenyewe chumba hadi chumba. Nilitoa kichekesho jikoni, kizuri sana, nikangoja. Nikakaa chini. Sikujua nyumba ile ni kubwa kiasi hicho. Ninampenda Mama Watoto, na kama Jumapili atasema hapana, sijui nitamweleza nani.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Mwangalizi ameniletea kijikaratasi. Kumbe kipo chumba cha mazungumzo, chumba pekee ambamo watu wanaruhusiwa kusema, nusu saa, kwa maombi maalumu. Na aliyeomba ni mke wangu! Kesho, baada ya kifungua kinywa. Ameandika: "Nina jambo la kumwambia."

Siku nzima nimeandaa hotuba. Hoja kumi na nne, na historia fupi ya ndoa yetu. Nilifanya mazoezi nyuma ya chumba cha kufulia, kwa midomo tu, bila sauti. Kugeuka, Bwana Soksi huyo hapo anaanika soksi. Alinitazama midomo, akatoa penseli, akanipa kijikaratasi: "Acha nafasi." Wazo zuri, sikatai. Nimeacha nafasi baada ya hoja ya tisa, kwa ajili ya makofi.

Jumapili, 9 Juni

Imekwenda vizuri mno.

Alikuja na gauni la bluu alilojishonea mwenyewe. Alikaa mkabala nami. Akasema, "Baba Watoto," nikainua mkono, maana mgeni rasmi hatangulii mwenyeji. Nikaanza. Kwenye hoja ya nne alifungua mdomo. Nikamwambia kwa upole, "Subiri mama, nakuja hapo hapo." Kwenye hoja ya saba vilevile. Baada ya tisa nikaacha nafasi kama nilivyopanga. Akavuta pumzi. Lakini sekunde tatu nzima zilipita, na mimi ninajua ukimya unavyoua ukumbi. Nikaokoa hali kwa kuingia hoja ya kumi.

Nikamaliza ya kumi na nne na mwangalizi akabisha hodi. Sekunde hiyohiyo! Miaka thelathini ya kazi sijawahi kumaliza kwa wakati.

Mke wangu alisimama. Alinitazama, machozi yakimlengalenga. Zile hoja zimemwingia. Alitoa ufunguo wake wa nyumba mkobani, akauweka mezani mbele yangu, akanigusa bega na kutoka. Nimeelewa mara moja. Mimi ninatangulia, nikafungue madirisha hewa ipite.

Nikapitia ukumbini. Kwenye kitabu kikubwa, wino haujakauka: "Nimepata jibu langu." Nilitaka kupiga vigelegele!

Getini watu wanaruhusiwa kuagana kwa sauti. Bwana Soksi alikuja kuniaga, na ndipo nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nyembamba kama ya mgonjwa. Aliniuliza mke wangu amesema nini. Nikamwambia amekosa la kusema kwa furaha. Akainamisha kichwa. Akauliza, kwani hukumwuliza kitu? Nikamfahamisha kwamba kwenye ratiba maswali huja baada ya neno la shukrani. Akanishika mkono akauminya sana. Mzee wa watu, labda nilimwelewa vibaya.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefagia nyumba nzima. Nimebadilisha mashuka. Ninaandika hotuba ya kumkaribisha Mama Watoto; nimefika ukurasa wa ishirini na mbili na bado sijaifikia sehemu ya watoto.

Saa nne shemeji amekuja na gari la mizigo kuchukua cherehani na lile sanduku la vitambaa. Nimesaidia kubeba. Vizuri sana, ile cherehani ilikuwa inakwama. Itengenezwe kabisa kabla mwenyewe hajarudi. Nguo za kwenye kabati pia zimepakiwa. Nadhani zinapelekwa kufuliwa.

Mizigo ilipokwisha kupakiwa, shemeji akabaki mlangoni. Amesema ana ujumbe kutoka kwa dada yake, mfupi tu, na kwamba anaona uchungu kuusema. Nikamwambia aketi, ujumbe utafika, kwanza anisikilizie hotuba hii anipe maoni. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza. Nilipoinua macho kwenye ukurasa wa tatu, gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

Watu wa siku hizi hawana subira ya kumsikiliza mtu.