Glasi Moja ya Mdogo Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bia imeiva! Imo kwenye pipa la chuma ndani ya friji ya varandani, baridi, imeshiba gesi. Tuliipika pamoja, mimi na mdogo wangu, tukigombania mwiko kama enzi za utoto. Jumamosi anasafiri. Kazi ya mbali, mkataba mrefu, Mungu ndiye ajuaye tutaonana lini. Pipa haliingii kwenye sanduku. Chupa zinaingia. Nimemwahidi mbele ya mke wangu kwamba ataondoka na bia yetu, na gesi yake yote ndani. Kilichobaki ni kifaa cha kujazia.

Jioni alipita. Akaomba tumimine glasi moja tu, tuonje. Nikakataa. Kila glasi ni chupa iliyopungua. Akacheka, akanywa chai.

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka madukani kutwa nzima. Muuza vifaa kanionyesha mrija mrefu wa kuchomeka kwenye bomba la pipa, unafika hadi kitako cha chupa, bia inapanda taratibu. Kitu cha kitoto. Kisha kanionyesha picha ya mashine yenye vali mbili: inaijaza chupa gesi kwanza, ndipo bia inaingia bila kushtuka na kutoa povu. Hiyo ndiyo mashine! Akasema imemwishia, na kwa chupa chache za kunywewa karibuni mrija unatosha kabisa. Mtu asiye na ndoto. Sikununua mrija.

Mashine hiyo anayo shemeji, kaka yake mke wangu, muuza majokofu, naye hupika bia. Mke wangu akasema niende nikaazime. Nikaazime? Kwa mtu aliyesema bia yangu ya mwaka jana inafaa kuoshea vyombo? Thubutu! Nitaunda yangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunda. Mpira wa pampu ya baiskeli, vali ya jiko letu la gesi, kifuniko cha chupa ya chai. Nimejaribu kwa maji. Yametoka kila mahali isipokuwa ndani ya chupa. Jiko sasa haliwaki. Mke wangu kaenda kununua mkaa.

Mdogo wangu kapita tena. Glasi moja tu, kaka. Nikamwambia avute subira. Alikaa kidogo akiitazama friji, halafu akasema ana mizigo ya kufunga.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekaza uso, nimekwenda kwa shemeji. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli. Hakuna kejeli! Kanipa mashine kwa mikono miwili, kanisindikiza hadi getini, akaanza kunieleza mambo ya kupoza chupa na kushusha gesi. Nikamkatiza, nikasema najua. Sikujua.

Ijumaa, 7 Juni

Najuta. Najuta mpaka kwenye kucha.

Chupa nilizianika juani ili zikauke vizuri. Ziliingia jikoni, nilikohamishia pipa, zikiwa za moto. Gesi niliipandisha, kazi iende haraka. Chupa ya kwanza ilirusha povu hadi darini. Ya pili ilinipata usoni. Hapo ningeacha. Lakini kila chupa niliona kama inayofuata ndiyo itakayotulia, nikaendelea, nikaendelea, hadi pipa likakohoa na kunyamaza. Nimeokoa chupa moja. Nusu yake povu.

Mdogo wangu alinikuta nimekaa sakafuni, suruali imelowa. Alikunja mikono ya shati, akachukua tambara, tukadeki. Jioni yetu ya mwisho, tumedeki! Siku zote hizi alikuwa anaomba glasi moja, na pipa lilikuwa limejaa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Nikampa ile chupa, nimeivisha soksi. Akaniuliza ina ladha gani. Sijui. Na mimi sikuonja, nilikuwa naweka akiba. Akanikumbatia kwa nguvu, akaingia ndani. Njiani nililia. Nikamwambia mke wangu ni vumbi. Akafunga dirisha la gari bila kunibishia.

Jumatatu, 10 Juni

Amepiga simu. Kafika salama. Chupa haikufika. Imepasuka ndani ya sanduku, imelowesha mashati ya kazini. Anasema kabla ya kuyafua aliyaweka puani. Ilikuwa inanukia vizuri, kaka. Maneno hayo nimeyarudia kutwa nzima. Sijala.

Jumapili, 30 Juni

Nimejifunza! Kosa lilikuwa chupa. Chupa hupasuka, kopo halipasuki. Nimepata picha za mashine ya kufungia makopo, ina mkono wa kuzungusha. Naamini naweza kuiunda kwa cherehani ya mke wangu. Kuna mtu anasafiri kwenda aliko mdogo wangu mwezi ujao, na pipa jipya limeshaiva, limo frijini.

Jioni hii shemeji kapita kuchukua mashine yake. Kaja na glasi mbili mkononi. Akanusa bomba la pipa, akasema harufu ya hii imezishinda zake zote, tumimine kidogo, tukae varandani, tumkumbuke kijana. Nusura nikubali.

Nikamwomba radhi. Kila glasi ni kopo lililopungua. Akacheka, tukanywa chai.